Pointi za hesabu: tutazame njia, si jibu tu



Kila mara periodi ya shule inapokwisha, watoto wa sekondari hurudi nyumbani na buletini mkononi. Baba hutafuta miwani yake, mama huacha sufuria motoni kwa kitambo, na wote wawili hutazama mambo mawili tu: pointi kwa mia na nafasi darasani. «Umekuwa wa ngapi?» Ndilo swali la kwanza. Halafu macho hushuka mpaka mstari wa hesabu, na hapo maneno mengi huanza. Mmoja husifiwa kwamba ana kichwa. Mwingine huambiwa kwamba hesabu si kazi yake, na ni heri atafute masomo mengine. Mara nyingi shauri hilo, lililokatwa jioni moja mbele ya karatasi moja, humfuata mtoto maisha yake yote.

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya mstari ule wa hesabu. Pointi zile zimetoka wapi? Zapima kitu gani? Nazo zaficha nini? Sisi tunaofundisha twajua kwamba wazazi wengi hawathubutu kuuliza, maana husema: «Sisi hatukusoma aljebra.» Lakini kusoma buletini hakudai aljebra. Kujumlisha na kugawanya, kama mama afanyavyo sokoni kila asubuhi, kwatosha kabisa.

1. Buletini yasema nini?

Katika shule zetu za sekondari hapa Kongo, mwaka wa masomo hugawanyika katika nusu mbili ziitwazo semestri. Kila semestri ina periodi mbili, na mwisho wake mtihani mkubwa. Pointi za periodi hutoka katika kazi za kila siku: mazoezi ya darasani, kazi za nyumbani na maulizo mafupi ambayo mwalimu hutoa bila kupiga tarumbeta. Mtihani wenyewe huwa na pointi mara mbili ya zile za periodi moja.

Tuchukue mfano wa somo lenye pointi 10 kwa periodi. Periodi ya kwanza ni 10, ya pili 10, mtihani 20; jumla ya semestri ni 40. Semestri ya pili ni vivyo hivyo, basi mwaka mzima ni 80. Mara nyingi hesabu hupewa pointi nyingi zaidi ya hizo, hasa kwa wale wa sayansi, lakini mgawanyo haubadiliki.

Sasa, baba, tazama vizuri. Periodi ya kwanza ni 10 katika 80, maana yake sehemu moja ya nane ya mwaka. Mitihani miwili ni 40 katika 80, ndiyo nusu kamili. Mtoto aliyepata 3 katika 10 mnamo periodi ya kwanza amepoteza pointi 7 tu katika 80. Zimebaki 70. Akijitahidi akapata sehemu sita za kumi katika hizo, ataongeza 42. Mwishoni atakuwa na 45 katika 80, yaani zaidi ya 56 kwa mia, naye atapita. Basi yule amtoaye mtoto katika masomo kwa sababu ya periodi ya kwanza amehukumu kesi nzima baada ya kumsikia shahidi mmoja katika wanane.

Kuna jambo la pili. Jumla huweza kuficha yaliyo ndani. Mtoto amepata 9 na 9 katika periodi mbili, kisha 6 katika 20 kwenye mtihani. Jumla ni 24 katika 40, ndiyo 60 kwa mia, na nyumba nzima yafurahi. Lakini tazama tofauti: kazi za kila siku ni 90 kwa mia, mtihani ni 30 kwa mia! Mzazi mwenye akili hatapiga makofi upesi, atauliza kwanza. Labda kaka mkubwa ndiye aliyefanya kazi za nyumbani. Labda daftari la rafiki lilizunguka darasani kabla ya kengele. Au labda mtoto ajua, lakini siku ya mtihani alikuwa mgonjwa au aliingiwa na hofu. Buletini haisemi ni lipi. Yasema tu kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Na ile nafasi tunayoipenda sana? Nafasi yatuambia habari za majirani wa mtoto, si habari za elimu yake. Wa kwanza katika darasa dhaifu aweza kuwa na 48 kwa mia, naye hakufika nusu. Wa ishirini katika darasa lenye nguvu aweza kuwa na 65. Tusimpe zawadi wa kwanza na kumpiga wa ishirini kabla ya kusoma tarakimu zilizo kando.

2. Jibu na njia

Tuingie sasa darasani. Mwalimu ameandika ubaoni ulizo hili: «Shamba la mstatili lina mzunguko wa metre 60. Urefu wake wazidi upana kwa metre 6. Tafuta eneo la shamba.»

Mwanafunzi wa kwanza aandika hivi: upana ni x, urefu ni x + 6. Upana na urefu pamoja ni nusu ya mzunguko, ndiyo 30. Basi 2x + 6 = 30; 2x = 24; upana ni 12 na urefu ni 18. Kisha azidisha 12 kwa 18, na kwa haraka aandika 206. Ole wake! Jibu la kweli ni 216.

Mwanafunzi wa pili ameandika mstari mmoja tu: «216». Hakuna x, hakuna mchoro, hakuna kitu.

Ulizo lilikuwa na pointi 5. Mwalimu anayetazama mwisho tu atampa wa kwanza sifuri, na wa pili tano. Je, ni haki? Wa kwanza ameyafahamu maneno ya ulizo, ameyageuza kuwa mlinganyo, ameufungua mlinganyo bila kosa, na mwishoni kabisa mguu wake umeteleza katika kuzidisha. Wa pili, hatujui ajua nini. Labda alihesabu kichwani. Labda jicho lake lilitembea kwenye karatasi ya jirani.

Mwalimu mwenye busara huzigawa zile pointi tano mbele ya wanafunzi, kabla hawajashika kalamu: moja kwa kuandika wazi mambo yanayojulikana na yanayotafutwa, moja kwa mlinganyo, mbili kwa kazi ya kuufungua, moja kwa jibu sahihi lenye kipimo chake, hapa metre za mraba. Kwa kanuni hiyo wa kwanza apata 4. Wa pili haifikii hata ile ya mwisho kamili, maana hakuandika kipimo; lakini mwalimu aweza kumwita na kumwambia: «Tueleze ulivyopata.» Akieleza vizuri, mdomo wake utamtetea. Akinyamaza, sote tumefahamu.

Tena tazameni: laiti mwanafunzi wa kwanza angalihakikisha jibu lake, angaliliona kosa peke yake. Mara 12 ya 18 ni mara 12 ya 20, kutoa mara 12 ya 2. Ni 240 kutoa 24, yaani 216. Kazi ya nusu dakika! Ndiyo maana twawaambia wanafunzi kila siku: hesabu isiyohakikishwa ni nyumba isiyo na mlango, kila mwizi aingia.

3. Kosa ni mjumbe

Wazazi wengi, na waalimu wengine pia, huona kosa kama aibu. Mtoto naye hujifunza kulificha: hufuta, hupasua karatasi, hunakili jibu la mwenziwe. Wazee walisema kwamba mficha ugonjwa kifo humwumbua, na ndivyo ilivyo katika hesabu. Kosa lililofichwa mwaka wa 7 hutokea tena mwaka wa mwisho, nalo limezaa watoto.

Hebu tutazame makosa mawili ambayo kila mwalimu wa sekondari amekutana nayo.

La kwanza ni la sehemu: mtoto ajumlisha nusu na theluthi, akaandika sehemu mbili za tano. Amejumlisha vya juu kwa vya juu, na vya chini kwa vya chini. Usimkaripie, mpe mkate. Nusu ya mkate ukiongeza theluthi ya mkate, je, waweza kubaki na kitu kidogo kuliko ile nusu uliyoanza nayo? Lakini sehemu mbili za tano ni ndogo kuliko nusu! Mtoto atacheka mwenyewe. Ndipo umwonyeshe kukata mkate katika vipande sita: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, pamoja ni vitano. Jibu ni sehemu tano za sita, naye hatasahau.

La pili ni la aljebra: mwanafunzi aandika kwamba mraba wa a + b ni mraba wa a na mraba wa b, basi. Mwambie ajaribu kwa 3 na 4. Tatu na nne ni saba, na mraba wa saba ni 49. Lakini 9 na 16 ni 25. Zimekwenda wapi 24 zilizobaki? Sasa mpeleke uani, achore kwa kijiti shamba la mraba lenye upande wa metre 7, kisha alikate kwa mistari miwili, kila upande 3 na 4. Ataona viwanja vinne: kimoja cha 9, kimoja cha 16, na viwili vya 12 kila kimoja. Jumla 49. Viwanja viwili vya 12 ndivyo alivyovisahau. Kanuni aliyoikariri bila kufahamu sasa imekuwa shamba alilolikanyaga kwa miguu.

Hii ndiyo sababu mtihani mzuri hauwi na kazi ya kutoa pointi tu. Pointi humwambia mtoto mahali alipofika. Kosa humwambia mwalimu mahali pa kuanzia kesho. Mwalimu arudishaye karatasi zenye tarakimu nyekundu tu, bila neno lolote juu ya makosa, amefanya nusu ya kazi.

4. Lugha nayo hufelisha

Kuna mtoto ajuaye kuhesabu, lakini ashindwa na maneno. Nyumbani asema Kiswahili, Kimashi au Kinande. Ulizo limeandikwa kwa Kifaransa. Asoma: «Retranchez 7 du triple de 5.» Aona 7 kwanza, kisha 5, naye aandika 7 kutoa 15. Lakini maana yake ni kinyume: chukua mara tatu ya 5, ndiyo 15, kisha utoe 7, jibu ni 8. Mtoto huyo hakushindwa na hesabu. Ameshindwa na neno moja dogo, «du».

Hatusemi kwamba Kifaransa kiondolewe katika sekondari. Twasema kwamba mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa lugha pia, apende asipende. Ayaandike maneno magumu pembeni ya ubao. Amwombe mwanafunzi mmoja alirudie ulizo kwa lugha yake mwenyewe kabla ya kuhesabu. Dakika mbili zinazotumika hivyo huokoa saa nzima. Na wazazi wasiojua Kifaransa wanaweza kufanya vivyo hivyo jioni: «Mwanangu, ulizo lasema nini? Nieleze kwa lugha ya nyumbani.» Asiyeweza kulieleza ulizo hajawa tayari kulijibu.

5. Mtihani wa Serikali

Baada ya miaka 6 ya msingi, sheria ya mwaka 2014 juu ya masomo ya taifa imeweka mwaka wa 7 na wa 8, ambamo watoto husoma hesabu za tarakimu, aljebra, jiometria na mwanzo wa takwimu. Halafu hufuata miaka 4 ya humanités. Mwisho wa hiyo ndio Examen d'État, uliopo tangu 1967.

Tuuseme wema wake kwanza. Mtoto wa Bukavu, wa Lubumbashi na wa Mbandaka hupimwa kwa mizani moja. Anayesahihisha hamjui mtoto ni wa nani, wala baba yake ana gari gani. Katika nchi kubwa kama yetu jambo hilo si dogo.

Lakini katika hesabu, maulizo yake ni ya kuchagua: majibu kadhaa yameandikwa, na mwanafunzi huonyesha moja. Njia haionekani. Chukueni ulizo kama hili: «3x + 7 = 31. x ni: 6, 7, 8 au 9?» Mwanafunzi asiyejua kabisa kufungua mlinganyo aweza kuyajaribu majibu moja moja. Mara tatu ya 8 ni 24, ongeza 7, ni 31. Amepata! Naye hajui kitu juu ya mlinganyo.

Tena kuna bahati. Tuseme maulizo ni 20, kila moja na majibu 5. Anayechagua akiwa amefumba macho atapata kwa wastani 4, ndiyo 20 kwa mia, huyo hapiti. Lakini anayejua 8 kwa hakika na kubahatisha 12 zinazobaki ataongeza kwa wastani 2 au 3. Atafika 10 au 11, ndiyo nusu au kupita kidogo. Ajua 40 kwa mia, naye aweza kuonekana kama aliyefika 50. Siku nyingine bahati itamgeuka, naye atalia kwamba amerogwa. Hakurogwa, alitegemea tu kile kisichotegemeka.

Ubaya mkubwa zaidi wafanyika kabla ya siku ya mtihani. Katika mwaka wa mwisho, shule nyingine huacha kufundisha. Watoto hutafunishwa maulizo ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, kama kasuku. Huo si ufundishaji. Maulizo ya zamani ni chombo kizuri sana kwa anayetafuta njia. Kwa anayekariri majibu ni mzigo bure, maana tarakimu hubadilika.

Tukumbuke pia kwamba maisha hayana majibu ya kuchagua. Muuguzi katika dispensari ameambiwa: miligramu 15 za dawa kwa kila kilo ya uzito. Mtoto ana kilo 12. Hakuna aliyemwandikia majibu manne ukutani. Hana budi kuzidisha mwenyewe, apate 180, na ahakikishe kabla ya kumimina. Mama wa yule mgonjwa hatauliza muuguzi alipata pointi ngapi; atataka tu hesabu iwe ya kweli.

Kwa hiyo twaonya juu ya pointi za kununua, ziwe kwa faranga, kwa kuku au kwa machozi. Anayemnunulia mtoto 70 katika hesabu amemnunulia karatasi. Kile kilichostahili kununuliwa kwa jasho, yaani akili iliyozoea kutafuta njia, hakimo dukani. Na mwalimu auzaye pointi amemwibia hata yule mtoto aliyezipata kwa haki, kwa maana kesho hakuna atakayeziamini.

6. Mzigo wa mwalimu

Wazazi, mtuwie haki. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na mwalimu akisoma njia ya kila mmoja kwa dakika 5, ni dakika 300. Ndizo saa 5 kwa ulizo moja la darasa moja. Naye ana madarasa mengine. Basi msistaajabu kwamba wengine hutazama jibu la mwisho tu na kupita.

Lakini njia zipo, wenzetu waalimu. Toeni ulizo moja lenye maana kuliko kumi yasiyosomwa. Kusanyeni madaftari 10 kila somo, si 60. Baada ya masomo sita mmewasoma wote. Wanafunzi wabadilishane madaftari na kutafuta makosa, kanuni ya pointi ikiwa imeandikwa ubaoni: atafutaye kosa la mwenziwe hujifunza kuliona la kwake. Mwite mmoja ubaoni, si yule ajuaye siku zote, aeleze kwa sauti. Programu mpya ya sayansi ya mwaka wa 7 na wa 8 yataka somo lianze na hali ya maisha, kama soko, shamba au ujenzi. Tuifuate kwa moyo, si kwa kuandika kichwa cha somo tu.

7. Hesabu ni mali ya nani?

Twasikia bado maneno mawili yenye sumu. La kwanza: hesabu ni elimu ya wageni. La pili: hesabu si ya wasichana.

Kwa la kwanza, twendeni Ishango, huku kwetu Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki utokapo katika ziwa Edouard. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Wataalamu huukadiria kuwa na umri wa miaka kama 20.000 au zaidi, nao leo umewekwa Brussels. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Wanafunzi, jumlisheni! Safu mbili za kwanza zatoa 60 kila moja, na ya tatu 48. Wengine husema ni hesabu ya siku za mwezi, wengine ni mchezo wa tarakimu, na wataalamu wangali wakibishana. Lakini mkono uliokata mikato ile ulikuwa mkono wa mtu aliyeishi kando ya maji yetu, miaka elfu nyingi kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

Kwa la pili, jibu letu ni fupi. Mama apimaye mihogo, akopeshaye, alipaye deni na kubaki na faida bila kalamu, je, si mwanamke? Binti yake kwa nini akose? Mwisho wa mwaka wa 8, mtoto akielekezwa katika sayansi, ualimu, biashara au ufundi, tuulize njia za daftari lake, tusiulize kama avaa gauni au suruali. Msichana aliyepata 4 kwa kuandika njia nzuri yenye kosa dogo la kuzidisha atafaa kwa sayansi kuliko kaka yake aliyenakili 216.

8. Jioni ya leo

Basi, tufanye nini?

Enyi wazazi, buletini ikifika, msome periodi kwa periodi, halafu mtihani. Msiishie kwenye jumla. Ombeni daftari la hesabu pamoja na buletini. Hata asiyejua aljebra aweza kuona kama kurasa zina kazi ndefu au majibu matupu, kama makosa yamesahihishwa au yamefutwa tu. Mwulizeni mtoto maneno matatu: «Ulianzia wapi? Ulipotea wapi? Umehakikishaje?» Tena msimtoe katika masomo yoyote kwa ajili ya periodi moja.

Ninyi wanafunzi, msifute kosa. Lipigeni mstari mmoja mwembamba, mwandike kando yake sababu yake. Daftari lenye makosa yaliyoelezwa ni hazina. Kabla ya kufunga kalamu, rudisheni jibu katika ulizo muone kama laingia. Na mwenzenu akiomba kunakili, mwambieni: «Jibu silitoi, lakini njia nitakuonyesha.» Huo ndio urafiki.

Nasi waalimu, tuwaambie watoto mapema tutakavyowapima, kisha tuwapime hivyo hivyo.

Kwa leo, wanafunzi, twawaachia ulizo la nyumbani, na wazazi wasaidie. Mfanya biashara auza kitambaa faranga 10.000. Aongeza bei kwa 20 kwa mia. Wanunuzi wakikimbia, apunguza bei ile mpya kwa 20 kwa mia. Je, bei imerudi 10.000? Msituambie ndiyo wala hapana peke yake. Juma lijalo tutaitazama njia yenu.